Jongoo Alivyofundishwa Ngoma

Taa ya mlangoni kwa Mzee Ambakisye iliwaka kijani kibichi, kijani cha mtu aliyeamka salama na kuianza siku kwa mbwembwe, na ndiyo maana Sekela alibisha hodi kwa matusi.

"Mume wangu! Umempata nani humo ndani hata salamu zangu huzitaki?"

Kila asubuhi alipita hapo na kiti chake cha magurudumu akamrushia mzee maneno ya namna hiyo, na kila asubuhi mzee akamrudishia makali zaidi. Ambakisye alikuwa na umri wa babu yake, na babu na mjukuu ni watani. Mzee alimwita mke mdogo, naye aliitwa mume aliyekwisha muda wake. Mtaa wa Miteremko, ule uliojengwa kwenye ubavu wa mlima juu ya Mbeya kwa ajili ya watu waliovunjika uti wa mgongo, ulikunywa chai huku ukisikiliza ugomvi wao.

Leo alijibiwa na sauti nyingine. Ilitoka kwenye spika ndogo ya ukutani, tamu kama ya mshereheshaji wa harusi.

"Ngoma! Hongera, Ambakisye. Leo umechangamka."

Sekela akacheka. Kisha akaacha, kwa sababu nyuma ya sauti ile alisikia chuma kikigonga chuma bila kupumzika, na hakusikia kicheko cha mzee.

Akausukuma mlango kwa vibao vya miguu vya kiti chake.

Ambakisye alikuwa kitini, kichwa amekiegemeza ukutani. Uso ulikuwa umemvimba na kung'aa. Jasho lilimtiririka shingoni likakoma ghafla kifuani, kama vile mtu alimchorea mpaka. Chini ya mpaka huo ngozi ilikuwa kavu, vinyweleo vimesimama. Na miguu yake, ile ambayo haikumsikiliza tangu lori lake lilipobiringika pale Mlima Nyoka, ilikuwa inapiga vibao vya kiti kama watu wawili wanaogombania mlango.

"Kichwa, mke wangu," mzee akasema, meno yameumana. "Kinapasuka."

"Ngoma!" ikaimba spika.

Sekela alijua. Mtaani Miteremko hakuna asiyejua. Mtu aliyevunjika uti juu ya usawa wa kifua, mwili ukimuuma mahali asipohisi, hauwezi kumwambia. Basi hupiga kelele kwa njia nyingine: presha inapanda, inapanda tena, mpaka mshipa wa kichwani uamue kwamba umechoka. Dawa ya kwanza ni kumkalisha wima, kulegeza kila kinachobana, na kukitafuta kinachomuuma.

Alimkalisha wima. Akamfungua mkanda, akamvua soksi. Akaufuata mpira wa mkojo kwa vidole, kutoka ulipochomoza tumboni hadi kwenye mfuko. Haukuwa umekunjika popote. Mfuko ulikuwa mkavu.

Basi mpira ulikuwa umeziba ndani, kwenye kibofu chenyewe, mahali pasipofikiwa na vidole vya jirani. Alitakiwa muuguzi wa kuubadilisha, na sindano ya kushusha presha, na alitakiwa sasa hivi.

Tabu ni kwamba muuguzi wa Miteremko haitwi na watu. Huitwa na Jongoo.

*

Jongoo ni utepe mwembamba unaolazwa chini ya ngozi, kandokando ya uti wa mgongo, wenye nyuzi pande zote mbili kama miguu ya mdudu aliyeupa jina. Wenye Kituo cha Vipimo, waliomtengeneza, wana jina lao refu la kitaalamu. Mtaani hakuna aliyejisumbua kulikariri.

Kabla yake mambo yalikuwa kichekesho. Vifaa vya zamani vya kuvaa mkononi vilitengenezwa kwa ajili ya watembeao. Vilihesabu hatua, na kwa kuwa mtu wa kiti hana hatua, vilimwona kama kabati. Ukifukuza inzi, vilidhani unakimbia. Ukipanda mlima mzima kwa viganja vyako, vilidhani unampungia mtu mkono. Ukisukumwa na shemeji huku umesinzia, vilikupa pongezi. Na wakati huohuo watu walikuwa wanakufa kwa kukaa tu: moyo, sukari, vidonda vya makalio. Hakuna aliyejua nani anautumikisha mwili wake vya kutosha na nani ameuachia. Kwa hiyo Jongoo alikuwa jambo jema, na Sekela hakuwahi kusema vinginevyo.

Ubaya ulikuja na Mstari, kiwango cha chini ambacho Kituo kilikiweka baadaye.

Shughuli zako za kila siku zikikaa juu ya Mstari, unaishi kwako, na taa yako ni ya kijani. Zikishuka, taa inageuka njano. Ukishindwa kuirudisha kabla jua halijazama, gari la Kituo linakuja, kwa adabu zote, kukupeleka Makaoni. Huko kuna vitanda vyeupe, na mashine zinazokukunja na kukukunjua kwa ratiba, kwa faida yako mwenyewe. Wageni hawaingii. Watoto hawaingii. Waliokwenda walituma picha wakitabasamu, na tabasamu lilikuwa moja kwa wote. Hakuna aliyerudi kueleza.

Lakini mashine haizaliwi na akili, lazima ifundishwe. Kwa hiyo, zamani kidogo, Kituo kilichukua watu kadhaa wa viti, Sekela na Ambakisye wakiwamo, kikawaweka ukumbini penye jiko, beseni, ufagio na kitanda, kila mmoja na Jongoo wake mgongoni. Ukifua, unabonyeza kitufe cha Kufua. Ukitoka kitini kwenda kitandani, unabonyeza Kujihamisha. Kulikuwa na Kusukuma, Kupika, Kupumzika. Na kulikuwa na Ngoma, kilichoongezwa na mhandisi mmoja mwenye moyo mzuri, kwani watu wa viti nao hucheza, mabega yanatosha.

Kilichosahaulika ni mishtuko. Wahandisi, wote watu wa kusimama, hawakujua kwamba miguu iliyopooza inaweza kukakamaa na kurukaruka yenyewe, mwenye miguu akiwa anakunywa chai yake. Siku ya kwanza tu, mguu wa Ambakisye ulirusha beseni la maji mpaka ukutani. Mhandisi akatazama vitufe vyake kimoja kimoja.

"Hii tunaiita nini?" akauliza.

Mtani haachi nafasi kama hiyo impite. "Hiyo ngoma, bwana," Sekela akasema. "Mume wangu mwenyewe yuko hapa, miguu imekwenda harusini."

"Imeniacha na huyu," Ambakisye akadakia, "yenyewe imekwenda kunitafutia mwingine."

Walicheka mpaka machozi yakawatoka, na kitufe kikabonyezwa. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya ukumbi. Mguu wa yeyote ukiruka, watu wanapiga vigelegele na kubonyeza Ngoma. Mhandisi alitazama vipimo vyake: moyo unakwenda mbio, misuli inafanya kazi, wenyewe wanacheka. Akaridhika. Jongoo naye akajifunza alichofundishwa, kwamba mshtuko ni furaha.

Mstari ulipokuja, utani ule ukageuka paa la watu. Karibu Miteremko yote iliishi kwenye kijani kwa ngoma isiyochezwa na mtu, na mtaa mzima ulijua ukanyamaza. Sekela hakuwa miongoni mwao. Yeye aliumia chini, kiunoni, na miguu yake ililala fofofo, haikuwahi kuruka hata mara moja. Kijani chake alikipata kwa sugu za viganja.

Hakuna aliyewaza siku ambayo mtu atakuwa anakufa, na Jongoo akimpigia vigelegele.

*

Sekela alikigonga kioo cha mawasiliano kilichokuwa ukutani, kikawaka, na uso wa kijana aliyefunga vifungo vyote vya shati ukajitokeza.

"Kituo cha Vipimo, naitwa Gervas. Habari za asubuhi, mama?"

"Mbaya. Niletee gari na muuguzi hapa kwa Ambakisye. Mpira umeziba, presha inamuua."

Kijana akashusha macho kusoma. "Namwona hapa, mama. Yuko vizuri sana. Anacheza ngoma."

"Hebu mwangalie kwa macho yako, mwanangu! Huyo anacheza?"

Gervas akainua uso, akatazama, na rangi ikampungua. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimtisha Sekela zaidi. Kama angekuwa mbaya, Sekela angeweza kumtukana.

"Naona anatoka jasho," Gervas akasema taratibu. "Lakini macho yangu hayaruhusiwi kuita gari, mama. Vipimo ndivyo vinaita. Hata hiyo presha, Jongoo anasema ni ya ngoma."

"Basi Jongoo wake ameharibika."

"Ngoja nimpime." Miguu ikagonga, ikagonga. "Mzima kabisa. Anasoma kila kitu."

"Nitambeba mwenyewe!"

"Kwa gari gani, mama?" Hakusema kwa dharau. Magari yote yanayoweza kupakia kiti yalikuwa ya Kituo, na Sekela alilijua hilo kabla hajafungua mdomo. "Nina sababu moja tu ya kukikataa kipimo. Mfumo unaniuliza: Je, Jongoo alifundishwa vibaya? Kuna chochote unachokijua?"

Sekela akavuta pumzi.

"Dada Sekela, usiseme."

Sauti ilitoka mlangoni. Atupele, jirani wa nyumba ya pili, alikuwa amesimamisha kiti chake kwenye kizingiti, mtoto amefungwa kifuani kwa kanga. Pikipiki ilimvunja shingo akiwa na mimba changa. Vidole vyake havifumbi, anasukuma magurudumu kwa vitako vya viganja, na mwinuko wa kwenda bombani humchukua asubuhi nzima. Lakini miguu yake ilikuwa na mishtuko mikubwa kuliko ya mtu yeyote mtaani. Taa yake ilikuwa ya kijani kama jani la mgomba.

Sekela akazima sauti ya kioo. "Atupele, mzee anakufa."

"Naona. Sijawa kipofu."

"Sasa nifanyeje?"

"Mtafutie njia nyingine! Wewe siku zote una maneno, leo yameishia wapi?" "Ukisema, wewe utabaki na taa yako. Huna unachokipoteza. Mimi watanichukua leo, kabla ya giza, na huyu hajajua hata kuniita mama. Watampeleka wapi? Niambie wewe mwenye taa, watampeleka wapi?"

Sekela akamgeukia mzee.

"Mke wangu." Ambakisye alikuwa anatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kope moja ilikuwa imeanza kumwangukia. "Muache mtoto na mama yake. Mimi nimekula chumvi ya kutosha."

"Ngoma!" ikasema spika. "Hongera, Ambakisye. Umevuka kiwango cha juu cha siku."

Ni ile hongera iliyomkata Sekela. Alimwona mzee akifa hivyo, akipongezwa. Akamwona atakayefuata, na wa baada yake, wote waliovunjika juu ya kifua, kila mmoja na saa yake ya kuziba mpira, na kila mmoja akiimbiwa. Akamtazama Atupele. Atupele naye alivunjika shingo.

Akawasha sauti.

"Alifundishwa vibaya," akasema, na sauti yake mwenyewe ikawa kama ya mtu mwingine. "Nilikuwapo. Hapakuwa na kitufe cha mishtuko, tukabonyeza Ngoma. Hiyo unayoiona siyo ngoma, Gervas. Haijawahi kuwa ngoma. Kwa mtu yeyote."

Nyuma yake Atupele alitoa mlio mdogo, kama wa mtu aliyekanyagwa.

Gervas aliusogeza uso karibu na kioo. "Mama, unajua kwamba nikiliingiza hili, litarekebishwa kwa wote? Siyo kwa mzee peke yake."

"Najua."

"Na mfumo unataka uthibitisho." Akasoma. "Mtu mwingine, hai, nimwone ametulia kitini, huku Jongoo wake anasema ngoma. Miguu yako wewe..."

"Yangu imelala."

"Basi ya kwake." Hakuonyesha kidole. Hakuhitaji.

Mguu wa Atupele ulikuwa karibu, kandambili imemtoka, unyayo wazi. Sekela alijua, kama anavyojua njia ya kwenda jikoni kwake, kwamba ukiugusa unyayo ule kwa kucha tu, mguu utaruka. Kuomba ruhusa kungechukua muda, na pumzi za Ambakisye zilikuwa zimeanza kukatika. Mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka alipoinua macho.

Atupele alikuwa anamtazama. Ile hofu ya Makaoni ilikuwa imemtoka usoni. Sasa alikuwa anamwogopa Sekela.

Sekela akaurudisha mkono. Akaukalia.

Ambakisye akakoroma. Mtoto akaamka kwenye kanga, akapiga chafya.

"Usiniguse," Atupele akasema. "Usinifanye kitu. Mchukue mtoto."

"Mdogo wangu..."

"Mchukue, nisije nikamwangusha!" Alisubiri mpaka mtoto akahamia kifuani kwa Sekela na kanga ikafungwa. Kisha akasema, kwa mtu asiyekuwapo, "Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kushika kikombe." Akainua mkono wake usiofumba na kujipiga gotini.

Mguu ukaruka. Ukakaza, ukatetemeka, wa pili nao ukaamka, na kiti kizima kikaanza kulia vyuma. Atupele alikaa katikati ya kelele hiyo kama jiwe, mikono pajani, machozi yakimshuka na kumdondoka kidevuni.

"Ngoma!" ikaimba spika ya kiti chake. "Hongera, Atupele!"

"Nimeona," akasema Gervas. "Mama zangu, nimeona. Gari limetoka."

*

Muuguzi alibadilisha mpira palepale kitini. Mkojo ulishuka mwingi, wa rangi ya chai, na miguu ya Ambakisye ikapungua, ikapungua, ikanyamaza. Walipompakia alifumbua lile jicho linalofunguka.

"Mke mdogo," akasema, "usiolewe kabla sijarudi."

Mlango wa gari ukafungwa. Sekela alijua kwamba kijani cha mzee nacho kilikuwa cha ngoma, na kwamba kutoka wodini kuna njia mbili, na moja tu ndiyo inayopanda Miteremko.

Marekebisho yalifika kabla mlio wa gari haujaisha bondeni. Spika zote za mtaa zilizungumza pamoja, kwa utamu uleule.

"Samahani kwa usumbufu. Kipimo cha Ngoma kimeondolewa. Shughuli zenu zinapimwa upya."

Ukungu ulikuwa mzito, nyumba hazikuonekana, zilionekana taa tu. Ya juu kabisa ikageuka njano. Kisha ya jirani yake. Kisha mbili kwa mpigo, kisha safu nzima ya upande wa bomba, zikishuka mlima kama mtu anayekimbia na kibiriti. Ya kwa Atupele ikasita kidogo, ikageuka.

Ya Sekela ilibaki kijani, peke yake. Alitamani aipige jiwe.

Alipogeuka, Atupele alikuwa amekwisha kutoka barabarani. Alikuwa ameelekeza kiti juu, kwenye mwinuko, akisukuma kwa vitako vya viganja. Kiti kikapanda kidogo, kikarudi. Kikapanda, kikarudi. Bila kufikiri Sekela akanyoosha mkono kwenye mpini wa nyuma.

"Usiguse!" Atupele akapiga kelele. "Ukinisukuma, Jongoo hahesabu. Anajua."

Ni kweli, alijua. Jongoo aliutambua mkono wa mwenyewe kwenye magurudumu kama mbwa anavyomtambua mwenye mji. Hilo pia Sekela alilifundisha, pale ukumbini, na alilifundisha vizuri.

Milango ikaanza kufunguka. Walitoka mmoja mmoja chini ya taa zao za njano: mwalimu mstaafu akiwa na blanketi mabegani, kinyozi na mkewe, dada wa kwaya ambaye hakuwahi kusukuma kiti chake mwenyewe zaidi ya uani. Hakuna aliyeuliza nani amesema. Kinyozi alimtazama Sekela, akaitazama taa ya kijani juu ya mlango wake, akageuza uso. Hakuna aliyemsalimia. Walielekeza viti juu wakaanza kusukuma, na ukungu ukajaa pumzi zao na mlio wa matairi juu ya lami.

Mtoto alikuwa analia sasa, kilio cha kumtaka mwenyewe. Atupele alikisikia, na mikono yake ikakosea mpigo, kiti kikarudi nyuma karibu kimpindue.

Sekela akakiendesha kiti chake mbele ya Atupele. Akakigeuza. Akaanza kupanda kinyumenyume, polepole, mabega yakimuuma, uso na kifua vikimwelekea Atupele, kanga ameilegeza ili mama amwone mtoto na mtoto amwone mama.

"Nifuate," akasema. "Kama unaweza, kobe wewe."

Atupele alimtazama kwa chuki safi, isiyo na utani ndani yake. Akaweka vitako vya viganja kwenye magurudumu.

"Nikikukamata," akasema, akivuta pumzi kila neno, "nitakupiga mpaka uite mama yako."

"Nikamate basi."

Kiti kikapanda. Kikasimama. Hakikurudi. Kikapanda tena. Nyuma yake viti vingine vilikuwa vinakuja, na mahali fulani juu ya ukungu jua lilikuwa linakwenda zake, wala hakuna aliyeweza kuona limefika wapi.